Pasipopakwa Rangi

Zuwena Makame alimimina chai nje ya kikombe mara ya pili asubuhi ile, akakilaumu kikombe.

"Vikombe hivi," alisema, akipangusa meza kwa pindo la kanga. "Midomo yao haina mpango."

Atupele, dereva wa gari la minyororo, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akifunga kamba za viatu vyake vikubwa. Alikulia mlangoni kwa Zuwena, na hata baada ya kuolewa hakuacha kuja kunywa chai pale kabla ya kazi.

"Shangazi, kikombe hicho umekuja nacho kutoka Tanga. Kina umri kunishinda mimi."

"Ndiyo maana. Kimezeeka, hakijui tena kupokea chai."

Wakacheka wote wawili, na Zuwena akashukuru kimoyomoyo kwamba kicheko kimefunika jambo. Kikombe hakuwa amekiona. Aliona weupe fulani ndani ya ukungu, akalenga katikati, akakosa. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na katika makazi yote ya Matumbini, yaliyochimbwa chini ya barafu ya mwezi wa Yuropa, aliyelijua hilo ni yeye peke yake. Kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa bahati mbaya tu. Yeye alikuwa mchora anga.

"Hodi, hodi!" Mwenyekiti Songoro aliingia kabla ya kukaribishwa, kama ilivyokuwa tabia yake, akisugua viganja. "Dada Zuwena, meli imefika. Inazunguka hapo juu, inasubiri jicho lako. Nahodha anasema akipata picha leo atateremka. Asipopata anakwenda zake Ganimedi, na sisi tutamwona mwakani."

"Iliki!" Atupele alisimama na kiatu kimoja. "Shangazi, iliki! Na Mbaruku ameagiza mbegu za bamia. Mume wangu atalia nisipomletea hizo mbegu, namjua."

"Basi nipeni nafasi nimalize chai yangu," alisema Zuwena, ingawa sehemu kubwa ya chai hiyo ilikuwa mezani.

*

Mtu wa Duniani angeuliza kwa nini wasitumie kamera. Watu wa Matumbini walikuwa wameshachoka kulijibu swali hilo, lakini wageni hawaishi kuuliza.

Yuropa inazunguka karibu mno na Mshtarii, na sayari hiyo kubwa inaumwagia mwezi wake mionzi bila kupumzika. Mionzi ikiingia kwenye kamera, picha hutoka imejaa nukta nyeupe kama sinia la mchele. Zamani palikuwa na dawa ya hilo. Mashine iliyasafisha madoa, na kila mahali ilipotoa doa ilijaza kwa kile ilichokumbuka kutoka picha za nyuma. Picha zilipendeza. Kambi ya Ng'ambo, majirani wa kwanza wa Matumbini, waliishi kwa picha hizo. Barafu juu ya vichwa vyao ilipasuka polepole kwa msimu mzima, na msimu mzima mashine ikawaonyesha uwanja usio na mkwaruzo, kwa sababu ndivyo ilivyoukumbuka. Siku paa lilipoanguka, skrini zao zilikuwa bado zinaonyesha uwanja huo huo, mzima na mtulivu.

Kuanzia hapo Matumbini ikaweka sheria. Hakuna meli itakayoruhusiwa kushuka, wala gari litakalotoka, mpaka jicho la mtu lipande juu likatazame, na mkono wa mtu huyo huyo uchore. Na pale jicho lisipoona, mkono usipake kitu. Matumbini hawana rangi nyeupe na hawataki kuwa nayo. Nyeupe ni ubao wenyewe, na maana yake inajulikana na kila mtoto: hapa sikuona.

Kwa kuwa mionzi hupenya hata kwenye kioo kinene cha juu, wenyeji waliweka na desturi. Anayepanda ni yule tu asiyetarajia tena kuzaa. Zuwena alikuwa ametimiza sharti hilo kwa umri, na sifa nyingine zote kwa kipaji. Akiwa binti alichora sayari kwenye kuta za madarasa Tanga, mpaka walimu wakalalamika kwamba watoto hawatazami ubao. Baadaye picha zake za pete za Zohali zilitundikwa kwenye kumbi za miji ambayo hakuwahi kuiona. Alipoitwa Yuropa alikuja na masanduku mawili ya brashi na sanduku dogo la nguo. Tangu hapo, anga walilolijua watu wa Matumbini lilikuwa lile lililotoka mkononi mwake. Palikuwa na watu wazima pale, wenye ndevu, ambao hawajawahi kuona nyota isipokuwa nyota ya Zuwena.

Sifa ya namna hiyo inamwingia mtu taratibu. Wenzake waliomtangulia waliacha vipande vya ubao mtupu kwenye kila picha na hawakuona tabu. Zuwena hakuviacha. Jicho lake lilikuwa kali, akafika kila pembe, na watu wakazoea. Mara moja tu, msimu uliopita, aliacha weupe wa kiasi cha kiganja, na watu wazima watatu walikuja nyumbani kumuuliza kwa upole kama anaumwa. Alikasirika kwa wiki nzima.

*

Lifti ilimfikisha kwenye Kibanda cha Kioo, akafunga mlango, akausimamisha ubao kwenye miguu yake mitatu ya mbao, akatazama.

Mshtarii alikuwa mahali pake. Yuropa humwelekezea uso mmoja daima, kwa hiyo sayari ile haichomozi wala haichwi. Huning'inia pale pale, ikijaa na kupungua. Zuwena aliiona kama mtu anavyoiona chapati kupitia mvuke wa sufuria. Mistari mikubwa ya mawingu aliitambua. Doa Jekundu alilikisia. Nyota hakuwa na habari nazo kwa muda mrefu sasa. Nguzo ya kwanza ya taa kwenye uwanja wa barafu aliiona, ya pili aliiona kwa shida, na ng'ambo ya hiyo, upande wa mashariki, palikuwa na ukungu tu, na ukungu huo ulikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Alipangusa kioo. Akabandika paji la uso kwenye kioo. Akafumba jicho moja, kisha jingine.

Alianza na nyota, kama alivyofanya mara zote. Nyota ndizo zilizomzoesha ubaya. Zilipotoweka machoni pake alizipaka kwa kukumbuka, Kilimia pale, nyingine pale, akijiambia kwamba nyota hazimdhuru mtu wala hazihami. Baada ya nyota ukaja mwezi wa Io, ambao aliukadiria kwa kalenda. Leo brashi ilishuka kutoka angani, ikapaka nguzo ya kwanza na ya pili, ikafika ukingoni mwa ukungu, na hapo ikasimama.

Sheria ilikuwa wazi. Ubao uachwe mtupu, meli iende zake.

Aliuwazia uso wa Songoro, na iliki, na bamia za Mbaruku. Lakini tusimsingizie wema. Iliki haikuwa sababu. Weupe ule ungekuwa mkubwa kama mlango, na kila mtu angejua. Wangemwambia kwa sauti nzuri, pumzika sasa bibi, umetufanyia mengi, na mtu mwingine angeshika brashi zake na kuingia kwenye lifti hii, na yeye angebaki chini akiambiwa anga likoje. Hilo ndilo aliloliogopa, na aliliogopa kuliko alivyomwogopa Mungu.

Uwanja wa mashariki aliukumbuka vizuri. Alikuwa ameuchora mara nyingi. Mkono ulijua ni kijivu kipi, na samawati kiasi gani, na wapi barafu huinuka kidogo kama mkeka usiokaa sawa. Mkono ukaanza wenyewe. Ilikuwa kazi nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuifanyia Matumbini, na alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka, akaamua kuamini ni ya uchovu.

*

Bwalo la chakula lilijaa. Picha ilitundikwa kwenye ukuta wa mbele, na Zuwena akachovya kidole gumba kwenye rangi, akakibandika pembeni mwa ubao kama desturi ilivyotaka.

"Nimeona," alisema.

"Tumeona," wakajibu wote kwa pamoja, na Songoro akakimbilia redio kumwita nahodha.

Watu walisogea kutazama. Walisema Mshtarii leo amenona. Walisema barafu imetulia kama imepigwa pasi. Atupele alikuja akiwa ameshavaa vazi la nje, kofia mkononi, akamkumbatia.

"Mashariki umeipendezesha, Shangazi. Nitapita hapo hapo kwenda melini, njia fupi."

"Pita magharibi," alisema Zuwena.

"Magharibi? Si kuzunguka kutwa nzima huko?"

"Pita tu magharibi, mwanangu."

Atupele alimtazama. Watu waliokuwa karibu nao waliacha kuzungumza. "Kwani kuna kitu mashariki?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Zuwena alilifungulia mdomo. Aliwaona wote wakimgeukia, au alizisikia nguo zao zikigeuka, na Songoro akauliza kutoka kwenye redio, "Vipi, dada? Tusubiri?"

"Hapana," alisema Zuwena. "Hakuna kitu. Mazoea ya wazee tu, kuogopa ogopa."

Wakacheka. Atupele akambusu shavuni, akaenda.

*

Meli ilishuka salama. Gari la minyororo ndilo lililopotea, upande wa mashariki, nje kidogo ya nguzo ya pili. Walioko chini waliusikia mshtuko kwenye sakafu, mdogo, kama mtu aliyeangusha gunia chumba cha pili. Kisha redio ya gari ikanyamaza.

Atupele alitoka kwa tundu la juu gari likiwa linateleza, akashika ukingo wa ufa, akajivuta, mguu umeumia hawezi kutembea. Gari lenye kuta zilizojazwa maji ya kumkinga na mionzi lilizama bila yeye, na Matumbini haikuwa na jingine. Mabaharia wa meli walimwona, lakini ufa ulikuwa kati yao, mrefu, na iliwabidi wauzunguke kwa mguu. Alisimama juu ya barafu zamu nzima na ziada, akiwa na vazi lililotengenezwa kwa dakika chache za kutoka na kurudi, huku Mshtarii akimmwagia mionzi.

Daktari alisema ataishi. Nywele zitarudi, nguvu zitarudi. Kuzaa, alisema, asahau.

Iliki ilifika.

Na Matumbini, kwa kuwa ilimpenda mchora anga wake, ilipata maelezo kabla hajaulizwa. Barafu imepasuka baada ya picha. Nyufa za Yuropa hufunguka ghafla, nani asiyejua? Ufa ungekuwepo, Bi Zuwena angeuona. Tena si alihisi? Si alimwambia binti apite magharibi? Mbele ya watu wote alimwambia. Habari ilitembea kutoka jikoni hadi kwenye mashamba ya mwani, na kila ilipopita ilimwongezea Zuwena kitu, mpaka ikafika siku akawa mama mwenye maono ambaye kijana hakumsikiliza.

Zuwena aliyasikia hayo akiwa amelala na kanga usoni. Aliona aibu mpaka ngozi ikamwasha. Angekuwa ametukanwa, angekuwa na cha kufanya. Angelia, angejitetea, angeomba radhi. Sifa hazimwachii mtu pa kuingilia. Alilala tu, akisikia majirani wakipita mlangoni kwa kunyata ili wasimsumbue.

*

Mbaruku alikuja na bakuli lililofunikwa.

"Hodi, Shangazi. Ni mimi."

Alikuwa mpishi wa bwalo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na chumba kikajaa harufu ya maandazi ya iliki kabla hajakaa.

"Ya kwanza kabisa," alisema. "Atupele amesema yapelekwe kwako kabla ya mtu yeyote."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Kula, Shangazi. Wanasema huli."

Zuwena alichukua andazi. Lilikuwa la moto, laini. Alilitafuna mpaka likawa maji.

"Usijilaumu," alisema Mbaruku. "Nasikia unajilaumu kwamba hukumsisitizia. Unamjua Atupele. Ungemfunga kamba, angepita mashariki." Alikunja kitambaa cha kufunikia, akakikunjua. "Tulikuwa tumeshachagua jina, unajua. Mapema mno, lakini tulichagua. La bibi yangu. Si kitu. Watu wangapi hawana watoto na wanaishi? Wewe mwenyewe huna, na umetulea sote."

"Mbaruku."

"Naam, Shangazi."

Maneno yalikuwa pale pale, tayari. Alimsikia mtu yule anavyopumua, akisubiri kwa adabu. Alifikiri, nikisema sasa, ataibeba wapi habari hiyo, na bakuli mkononi? Akajua papo hapo kwamba hiyo nayo ilikuwa hila. Alikuwa anajihurumia mwenyewe na kumsingizia Mbaruku.

"Maandazi yametoka vizuri," alisema.

"Alhamdulillahi." Mbaruku alisimama, sauti imechangamka kidogo. "Mwenyekiti anakutengenezea kiti, lakini usimwambie nimekwambia. Cha kukaa mbele, bwaloni. Na Atupele anakuomba uende zahanati. Anasema ana neno."

*

Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja tu chenye mtu. Zuwena alifuata sauti, akapapasa kiti, akakaa. Alitaka kuushika mkono wa Atupele lakini hakujua uko wapi, na Atupele hakumwonyesha.

"Shangazi," alisema Atupele, "kingo zilikuwa za kahawia."

Zuwena aligeuza kichwa kuifuata sauti.

"Ukingo wa ule ufa. Kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi. Wewe ndiye uliyenifundisha rangi hiyo, nikiwa mdogo, nikikusagia kutu ya kutengenezea rangi. Uliniambia barafu ikipasuka leo, ndani yake ni samawati. Chumvi inayotoka chini inakuja nyeupe, na mionzi ndiyo inayoipika, taratibu, mpaka iwe kahawia. Uliniambia ukiona kahawia, jua ufa huo ni mzee." Alipumzika kuvuta pumzi. "Nilisimama pale zamu nzima. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama."

Mashine fulani ilikuwa inalia polepole pembeni, tone kwa tone.

"Umemwambia nani?" aliuliza Zuwena.

Swali lilishatoka. Alilisikia likielea kwenye chumba kile kidogo, na akafahamu kwamba katika yote aliyoyafanya, kupaka rangi na kunyamaza na kula maandazi, hakuwa amefanya jambo chafu kuliko hilo. Kitanda kililia. Atupele alikuwa amegeukia ukutani.

"Hilo ndilo ulilotaka kuniuliza," alisema.

"Atupele, mwanangu..."

"Sijamwambia mtu. Hata Mbaruku. Nilidhani utasema wewe. Kila siku nilimuuliza, Shangazi amesemaje? Ananiambia, amelala. Ni macho?"

"Ni macho."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Kile kikombe," alisema Atupele, na ikawa kama anataka kucheka, ila hakucheka. "Na mimi nikacheka na wewe."

Zuwena alilia hapo, kwa sauti, bila kujificha, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze. Alipotulia, Atupele aliongea tena, bado uso ukutani.

"Songoro alikuja jana. Anasema umechoka, na kwamba mimi ndiye nitakayeshika brashi. Sifa ninazo sasa, amesema. Hakukusudia ubaya, unamjua. Anasema mionzi haina tena cha kuninyang'anya. Watu wameona ni kama Mungu amepanga." Aliivuta shuka. "Siku ya makabidhiano wewe ndiye utakayesimama ukutani na kusema. Sema utakalosema. Mimi sitakusemea."

*

Kiti alichotengeneza Songoro kilikuwa na mto. Zuwena aliketishwa juu yake mbele ya bwalo, na watu wakapiga makofi mpaka sahani zikalia mezani.

Picha ya mwisho ilikuwa bado ukutani. Songoro alihutubia. Alisema Dunia ina wachoraji wengi wa anga, lakini ni wangapi ambao watu wameweka roho zao juu ya brashi yao? Alisema jicho la Bi Zuwena ndilo lililokuwa dirisha letu. Alisema tumwombee binti yetu Atupele awe na nusu tu ya jicho hilo. Watu wakaitikia amina. Atupele alikuwa ameingia akiegemea bega la Mbaruku, kichwa kimefungwa kilemba, na alikaa mbali, mwisho wa benchi.

"Sasa dada yetu ateremshe picha yake," alisema Songoro, "amkabidhi binti ubao na brashi."

Zuwena alisimama. Alipapasa ukuta kwa kiganja mpaka akaufikia ubao, akapitisha vidole juu ya rangi aliyoipaka kwa mapenzi makubwa. Kisha akatoa mfukoni kisu chake cha rangi, kile kipana cha kukwangulia, na akaanza juu, palipokuwa na Kilimia.

Mwanzoni hawakuelewa. Walidhani anarekebisha kitu. Rangi ilidondoka sakafuni vipande vipande.

"Dada Zuwena," Songoro aliita kwa sauti ya chini, "unaiharibu."

"Hapa sikuona," alisema Zuwena. Aliondoa nyota zote. Akahamia Io. "Na hapa sikuona." Kisu kikashuka kwenye barafu. "Hapa ndipo hasa. Upande huu wa mashariki sikuona kitu chochote. Macho yangu yana mtoto wa jicho. Sikuona nikapaka."

"Lakini barafu ilipasuka baadaye," alisema Songoro. Alikuwa kama anayembembeleza. "Kila mtu anajua. Na ulimwonya, sote tulisikia."

"Nilimwonya kwa sababu nilijua nimedanganya. Aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Hilo nalo mlilisikia." Aligeukia walipokuwa, nyuso zote zikiwa weupe mmoja kwake. "Ufa ule ulikuwepo. Ni mzee. Mimi nilijaza kwa kukumbuka."

Neno hilo walilijua. Hakuna mtu wa Matumbini asiyejua nani alijaza kwa kukumbuka. Mama mmoja nyuma alilitaja jina la Ng'ambo, si kwa kumwambia mtu, na benchi likakwaruza sakafu, na mlango ukafunguliwa na kufungwa. Wengine wakafuata. Zuwena alisikia kitu kizito kikiwekwa mezani, bakuli pengine, na nyayo za mtu mnene zikitoka bila kusema neno. Aliwahi kuwazia matusi. Hakuwahi kuwazia kwamba Mbaruku angeondoka tu.

Akageuka ukutani akaendelea kukwangua, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yake. Ubao ulikuwa unatoka chini ya rangi, aliuhisi kwa ncha ya kisu, mgumu na laini. Ila hakuweza kujua umefika wapi.

"Imetosha?" aliuliza.

Songoro alikohoa. Kisha nyayo zilikuja mbele polepole, za mtu anayeburuta mguu, zikasimama kando yake. Zuwena alinusa dawa ya zahanati. Alisubiri mkono begani. Alikuwa tayari kwa mkono huo, au kwa kofi, na alijua lipi kati ya hayo mawili angelipenda. Hakikuja chochote.

"Bado," alisema Atupele. "Ufa ulikuwa mrefu zaidi ya hapo. Endelea mpaka kwenye nguzo."

Zuwena akasogeza kisu.